Tonge la Babu Aliyekuwa Khalwani

Katika mgahawa huu wa stendi ya Same, mwenye mgahawa amefukiza ubani karibu na sufuria la wali, na mimi nimeacha kula.

Nilikuwa msichana mdogo, Kihurio. Babu alikuwa khalwani, amejifungia chumba cha uani kumtaja Mungu bila kusema na mtu. Jioni hiyo mama alikuwa ananihamishia Tanga, hivyo niliomba chakula cha Babu nikipeleke mimi.

"Usimsemeshe," Bibi alinionya.

"Hata shikamoo?"

"Shikamoo si maneno? Mdomo kama cherehani!"

Niliweka sahani mlangoni. Moshi wa ubani ulipita chini ya mlango, na ndani uradi wake ulivuma taratibu. Nikashindwa kuondoka hivihivi.

"Shikamoo Babu. Ndiyo nahama."

Uradi ukakatika. Niliogopa nimemharibia. Kisha mlango ukafunguka kidogo, mkono wake ukatoka, ukamega tonge la wali, ukaniwekea kiganjani na kukifumba.

Basi la Tanga liliondoka nikiwa bado nimelishika tonge lile.

"Dada, chakula kina kasoro?" mhudumu ananiuliza.

"Hapana, mdogo wangu. Nasubiri kipoe."