Vita vya Baba na Ukoko

Katika miaka ya sabini baba alisikia redioni eti chakula kilichoungua huleta kansa. Kuanzia jioni hiyo ukoko wa ugali ukapigwa marufuku nyumbani kwetu. Ukoko! Kitu ambacho sisi watoto wanne tulikipigania mpaka sufuria ikapinda. Nilimkasirikia, haki ya Mungu, kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu yangu.

Na mzee hakuwa na mchezo. Akitoka kazini, hata koti hajavua, alikwenda moja kwa moja jikoni kumulika sufuria kwa tochi. Samaki wa moshi tuliotumiwa na nyanya yetu kutoka magharibi mwa nchi aliwakwangua kwa wembe mpaka wakabaki miiba, kisha akatuambia tule bila wasiwasi. Mahindi choma? Afadhali akukute na bangi.

"Kansa haitapita mlango huu," alisema.

"Kweli kabisa, mzee," mama alijibu kutoka nyuma ya nyumba, mdomo umejaa ukoko.

Kazi ya baba ilikuwa kukata kwa msumeno mabati ya asbestosi, yale mazito ya kijivu, ya kuezekea nyumba mpya kule mtaa wa Tena. Alirudi mweupe pe, hadi kope. Tulimchorea ng'ombe na magari mgongoni kwa kidole, naye akasimama wima asituharibie kazi. Siku moja alileta kipande, mama akakiweka chini ya jiko. Baba alikisifu sana: hakiungui, kwa hiyo hakiwezi kuleta kansa.

Katikati ya miaka ya themanini pumzi zikaanza kumkatika. Tukampeleka hospitali, mama na mimi, na daktari akasema ni kansa ya mapafu.

Baba akamgeukia mama. "Umenilisha ukoko!"

Mama akaapa kwamba ukoko wote aliula yeye mwenyewe, hakumbakizia hata kidogo. Niliona aibu, halafu nikaogopa, maana daktari hakucheka. Alimuuliza baba kazi yake, akaambiwa, akasema kilichomdhuru ni lile vumbi la asbestosi.

"Ala! Vumbi nimelila lini?" baba akabisha.

Daktari akaweka kalamu chini. "Haliliwi, mzee, huvutwa kwa pumzi. Na nguo zako za kazi, nani alikuwa akizifua?"

Mama akajiweka sawa kitini, akidhani sasa anasifiwa.

"Ni mimi, daktari. Kila jioni. Na nilizikung'uta kwanza."