Mkasi wa Madamu

Pale shuleni walimwita Madamu Mkasi, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha Kifaransa kwa kukata. Aliandika vitenzi kwenye katoni, kisha akavitenga kwa mkasi, mzizi huku, kiambishi kule. Parlons, yaani tuzungumze, ikawa parl na ons, na wanafunzi wakaviunga upya.

Kisha akaja mwalimu mgeni, binti mwenye sauti nzuri, yeye akigawa kwa silabi. Par-lons, makofi mawili. Fi-nis-sons, makofi matatu. Darasa lilicheka, na likajifunza. Madamu alisikia yote kutoka ng'ambo ya ukuta, roho ikamuuma. Tusimfichie: kilikuwa kijicho, tena cha kumnyima mtu hamu ya kula. Darasa la mtihani, lake miaka yote, mkuu wa shule alitaka kulitafutia mwalimu mpya, na Ijumaa angekwenda kumwona binti akifundisha kabla ya kuamua.

Alhamisi, wenzake wakinywa chai, Madamu aliingia kimyakimya katika darasa la binti. Kadi zake za vitenzi zilikuwa ndani ya bahasha, nzima, silabi zimepigiwa mistari ya penseli tu. Akazikata zote pale mzizi unapokoma, silabi zikapasuka katikati.

"Kesho tuone atapiga makofi gani," alijisemea.

Ijumaa binti alifungua bahasha, akaduwaa. Lakini wanafunzi wale Madamu ndiye aliyewalea tangu mwaka wa kwanza. Walipoona vipande hawakuuliza. Waliunga mzizi na kiambishi, neno likasimama, ndipo wakalipigia makofi ya silabi. Mkuu alisema hajapata kuona njia mbili zikishikana vile. Darasa la mtihani akampa binti papo hapo.

Mchana binti alimfuata Madamu chumba cha walimu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, watu wote wakitazama.

"Madamu, mkato wako niliutambua. Nimemwambia mkuu kwamba ni wewe uliyenisaidia. Kumbe unanipenda hivyo, na mimi nilidhani hunitaki."

Madamu aliitikia kwa kichwa.

"Na kadi za muhula ujao," binti aliuliza, "utanikatia?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Akajibu kwamba atamkatia.

Jumatatu alikaa peke yake na rundo la katoni, akikata mzizi huku, kiambishi kule. Ng'ambo ya ukuta, darasa lililokuwa lake lilikuwa likipiga makofi.