Mafuta ya Mghoi

Mwandawiro wa Mwatate hakuwa mtu mbaya. Aliharibiwa kidogo na mashine, basi. Miaka ile ya 1920 aliajiriwa kwenye shamba la mkonge kuangalia injini iliyowasha taa za umeme nyumbani kwa Bwana, mzungu mwenye shamba, na tangu siku hiyo akawa haongei ila habari za injini. Mafuta yake yalikuja kwa treni kutoka Mombasa, pipa kwa pipa. Treni isipokuja, giza.

Mwaka mmoja Bwana alishuka Mombasa kuwapokea wageni. Aliacha amri moja: Jumamosi akirudi nao, akute nyumba inang'aa.

Wiki hiyo mvua iling'oa reli. Mapipa yakaisha na mapya hayakufika. Jumamosi mchana Mwandawiro alikuwa akizunguka injini yake kama mfiwa, akiona kazi inamtoka.

Nyumbani, binti yake Mghoi alikuwa mwari. Alikuwa amewekwa ndani miezi mingi bila kuona jua, na Jumapili angetolewa, apakwe mafuta ya mbegu za nyonyo ang'ae, wanawake wamwimbie. Mama yake, Wakio, aliyakamua mafuta hayo msimu mzima. Vibuyu viwili vilijaa.

Mwandawiro alijua injini ile haichagui. Ikishapashwa moto kichwa, hunywa mafuta yoyote. Wakio alipokwenda mtoni, yeye alivibeba vibuyu vyote viwili hadi kwenye injini.

Injini ilikohoa, ikatoa moshi mzito, ikashika. Jioni taa zikawaka kila chumba. Mwandawiro akasimama barazani, kifua mbele, akingoja magari kutoka stesheni.

Nyapara Fanuel alipita akashangaa.

"Unamwashia nani, Mwandawiro?"

"Bwana na wageni wake. Si leo Jumamosi?"

"Watakuja na nini? Treni inayoleta mafuta si ndiyo hiyo hiyo inayowaleta wao?"

Mwandawiro alikaa chini. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwa wa kumwambia? Taa ziliwaka mpaka tone la mwisho, juu ya meza iliyoandaliwa na sahani tupu.

Jumapili wanawake walikuja na nyimbo zao. Wakio aliwaonyesha vibuyu vilivyorudi vitupu, wakarudi makwao na nyimbo zao. Mwari hatolewi mkavu. Ilibidi Mghoi abaki ndani mpaka nyonyo zikomae tena, na mimi hasira ile sijaimaliza hadi leo, maana Mghoi ni mtoto wa dada yangu.

Jioni hiyo Mwandawiro alikuwa mlangoni, hathubutu kuingia. Sauti ya Mghoi ikatoka gizani.

"Mama, ile taa ya jana iliwaka vizuri?"

"Iliwaka, mwanangu."

"Ilimmulikia nani?"

Wakio alimtazama mumewe.

"Viti," akasema.