Kaa la Mama Kwenye Jiko la Gesi

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Tabora, na neno ninalolifundisha kwa mbwembwe kuliko yote ni fueli. Kuni ni fueli, mkaa ni fueli, dizeli ya lori, gesi ya mtungi. Chochote unachokichoma kikakupa joto au nguvu. Nikifika kwenye asili yake, sauti hunipanda yenyewe. Limepita kwa Wafaransa, lakini chimbuko lake ni Kilatini, neno la pale moto unapokaa ndani ya nyumba. Mafigani, jamani! Wala si kwenye kisima cha mafuta.

Siku niliyohamia nyumba yangu Itetemia, walimu wenzangu walikuja kunipongeza. Mara mama akaingia, katembea kutoka kwake mtaa wa pili, kigae mkononi, ndani yake kaa la moto limefukiwa majivu. Kwetu, mtoto akihamia kwake, moto wa kwanza hutoka mafigani kwa mama. Wake yeye ulitoka kwa bibi, Sikonge. Nami, msomi mzima, nilikuwa nimesahau. Sikuwa na figa hata moja, jiko la gesi tu.

Mwenzangu mmoja akacheka. "Shikamoo mama. Hiyo ya nini tena? Siku hizi tunatumia fueli za kisasa!"

Mama alinitazama mimi. "Kwa hiyo nirudi nao?"

Aibu ilinishika, kisha hasira. Mama yangu arudi na moto wake barabarani, watu wakimwona? Thubutu!

"Mwalimu," nikamwambia yule, "hilo neno unalojidai nalo limezaliwa mafigani. Mwenyewe ndiye huyo aliyeshika kigae. Mpishe apite."

Akapisha. Jikoni mama alipukuta majivu, akaweka nyasi kavu juu ya kaa, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Nyasi zikashika. Nikafungua gesi, akasogeza kigae chenye moto bila woga, na jiko likawaka pu! Tulichemsha chai ya wageni wote, na yule mcheshi akanywa vikombe viwili.

Jioni nilimsindikiza. Kila jirani tuliyepishana naye, mama alimwonyesha kigae kitupu.

"Umeshika," aliwaambia. "Moto wetu umeshika kwa mwanangu."