Godoro Lililopotea Kila Saa Sita

Niliondoka Gikundamvura asubuhi moja bila kujua ninakwenda wapi, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa ameanza kuniuliza nitaoa lini. Wiki tatu nilikuwa nimekula mihogo yake kwa amani. Swali lilipofika, nilivaa viatu. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nateremka kuelekea Bugarama, mfuko mmoja begani, umande umenilowesha suruali mpaka magotini.

Saa tatu, Bugarama. Mbele ya duka moja palikuwa na lori dogo lisilo na turubai, limeleta magodoro. Dereva, Papa Elize, mwanamume mnene aliyezaliwa Bukavu na kurudi Rwanda akiwa na ndevu tayari, alikuwa anabishana na mwenye duka aliyeyakataa magodoro manne ya mwisho. Nilimsaidia kuyarudisha garini, kisha nikamwomba lifti.

"Unaenda wapi?"

"Unakoenda wewe."

"Njo jibu gani hiyo?" Alicheka. "Miye narudi ku kiwanda, kule Kamembe. Panda, ila ulale chini, polisi basikuone. Bakikuona, miye sikujue."

Magodoro matatu tuliyasimamisha ubavuni mwa gari. La nne tulililaza, nami nikajinyoosha juu yake kama waziri.

Njiani Papa Elize alipiga soga kupitia kidirisha cha nyuma ya kiti chake. Alisema kiwanda chao sasa kina akili. Kila godoro limeshonewa ndani kitu wanachokiita puce, chembamba kama kipande cha karatasi, na juu ya kila kituo cha kazi kuna antena. Sponji ikitoka kukatwa, antena inaijua kwa mawimbi ya redio. Ikifika kwa washonaji, inajulikana. Ikiingia depo, yaani ghalani, inajulikana. Hakuna anayebonyeza kitu.

"Basi hakuna kinachopotea," nikasema.

"Kinapotea! Saa sita kamili, depo inapunguka godoro moja. Saa saba inarudi."

"Inarudi yenyewe?"

"Yenyewe. Tulishaombea ile depo mara mbili, pasteri akamwaga jasho, bure." Alishusha sauti. "Sasa Chef, mukubwa wetu wa kiwanda, anasema mwizi ni Maman Beata, mwenye kuchunga depo. Anaimba na miye ku korali, ile mama hawezi kuiba hata noti ya wimbo. Lakini barua ya kumufukuza imeshaandikwa. Leo mashini ikikosa tena godoro moja, anaenda kwake."

Nilikusudia kuuliza zaidi, lakini godoro lile lilikuwa zuri mno. Nililala.

Saa tano, Kamembe. Niliamshwa na kelele. Lori lilikuwa limesimama chini ya antena ya lango, na kijana mwenye shati jeupe, Chef mwenyewe, alikuwa ameshika kompyuta ndogo bapa mkononi.

"Matatu! Karatasi inasema yamerudi manne, mashine inaona matatu!"

Mbele yake alisimama mama mwenye blauzi ya buluu na funguo kiunoni, bila shaka Maman Beata. "Gari haijafika hata ku depo, Chef, na tayari miye mwizi?"

Nilishuka ili wapate kuhesabu vizuri. Tarakimu kwenye kioo ikageuka: manne. Chef alikigonga kioo kwa kidole, kama mtu anayempima kuku mgonjwa. Mimi shule niliiacha darasa la tano kwa sababu hawakupenda niguse vitu. Nikapanda tena garini, nikalala. Matatu. Nikashuka. Manne.

"Wewe ni nani?" Chef akauliza.

"Ni mimi niliyeiba godoro lako. Nimelirudisha."

Papa Elize aliangalia mlima wa mbali, akishika ahadi yake ya kutonijua. Chef akasema polepole, "Maji. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi." Jambo hilo alikuwa amelisoma chuoni. Ambacho hakuwa amekiwaza ni kwamba mtu anaweza kulala juu ya godoro.

"Basi saa sita kuna mtu anayelala deponi," nikasema.

Neno lilipotoka nilitamani kulikamata mkia. Washonaji waliacha cherehani wakatoka nje. Maman Beata alinitazama kama anayemtazama mbuzi aliyekula nguo za kanisani.

"Ni miye," akasema.

"Wewe?" Papa Elize alisahau kwamba haangalii.

"Naamukaka saa kumi, napeleka tomate ku mupaka, ku Rusizi I, mbele ya kuja kazi. Saa sita ni pause yangu. Règlement, sheria ya kiwanda, inasema nipumuzike, haisemi nipumuzike nimesimama." Alimgeukia Chef. "Miezi mbili unaniita mwizi. Miye mwenyewe nilianza kuogopa ile depo! Nililalaka juu ya ile godoro yenye tulikuwa tunatafuta, na mbele ya kulala nilikuwa nasali ionekane."

Chef alitaka ushahidi. Tukaingia depo wote, washonaji nyuma yetu. Maman Beata akalaza godoro sakafuni, akavua viatu, akajilaza chali na funguo zake tumboni. Likapungua moja. Chef akasema lazima ajaribu mwenyewe. Alikaa ukingoni, akalala kwa ubavu ili shati lisikunjamane. Tarakimu haikubadilika.

"Lala ku katikati, Chef, kama muntu!" Maman Beata akamkemea.

Akasogea katikati. Likapungua.

"Chef amejiiba!" alipiga kelele mshonaji mmoja, na depo nzima ikaangua kicheko, Chef akiwa bado chali, akiitazama antena. Hakuinuka haraka. Alipoinuka, alitoa mfukoni ile barua ya kumfukuza Maman Beata, akaikunja mara nne na kuichana.

"Magodoro yenye kasoro tunayatoa puce," alimwambia bila kumtazama. "Saa sita, Maman, chukua moja kati ya hayo."

Ile nayo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Saa kumi na moja jioni nilimngoja Maman Beata langoni, kwa kuwa sikumjua mtu mwingine mjini.

"Weye na ile mudomo yako," akasema. "Asubuhi nilikuwa mwizi, saa sita nikakuwa muvivu. Unataka nini tena?"

"Pa kulala."

Alitembea hatua kumi kabla ya kujibu. "Kuja."

Nyumba yake iko juu ya mteremko, mto Rusizi chini na Bukavu ng'ambo. Alinionyesha chumba chenye mkeka na vikapu vitatu vya nyanya. Magodoro yote anayoyachunga, na mgeni wake analala chini! Sikusema; siku hiyo nilikuwa nimejifunza kwamba jambo likiwa kweli halihitaji lisemwe na mimi kila mara.

Maman Beata alipima mabega yangu kwa macho, kisha akapima vikapu.

"Saa kumi nakuamusha. Weye utabeba mbili, miye moja," akasema. "Pengine kesho saa sita sitalala, nitakula."