Saa Kumi na Mbili za Telesphor

Pale Majengo, Mpanda, hakuna anayemzidi Telesphor kwa kushika muda. Ni fundi baiskeli. Akikuambia njoo saa tisa, saa tisa kasoro baiskeli iko nje, imepakwa grisi, na ukichelewa utanuniwa.

Mkewe, Odeta, alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Saa tatu asubuhi, ulipokuwa umekolea, wakafika kituo cha afya. Mkunga Gaudensia akampima, kisha akatoka kuzungumza na mume. Gaudensia hasemi "masaa"; mwalimu wake wa Kiswahili alimkataza.

"Njia imefunguka vizuri, baba. Kwa mimba ya kwanza, kutoka hapa kwa kawaida haizidi saa kumi na mbili. Ikizidi, huo ni uchungu wa muda mrefu, lazima daktari aangalie."

Telesphor akaitazama saa ya ukutani, akaridhika. Jua halitazama kabla mtoto hajafika. Akaenda kununua chai, na kikofia cha sufu.

Ilipofika saa kumi na moja, benchi zima la wanaosubiri lilikuwa limeshatangaziwa kwamba imebaki saa moja. Kumi na mbili jioni ilipotimia, alikuwa mlangoni.

"Dada Gaudensia! Muda umeisha! Daktari yuko wapi?"

"Muda gani, baba? Mkeo ana saa tisa tu."

"Saa tisa ilishapita zamani! Sasa hivi ni kumi na mbili!"

Benchi likaangua kicheko. Telesphor hakucheka.

"Dada yangu Lucia," akasema, "alishikwa na uchungu nyumbani, tukaambiwa bado, bado, mpaka kesho yake. Hatukumpata tena."

Kicheko kikakatika. Gaudensia akamsogelea.

"Baba, mimi nahesabu tangu nilipompima asubuhi, sihesabu za ukutani. Anaendelea vizuri. Akikwama, sisubiri hata hizo kumi na mbili zitimie."

Telesphor akakaa. Chai aliyoletewa ilikuwa bado ya moto mtoto wa kike alipolia ndani. Naye akalia, kwa sauti kubwa kuliko mtoto, mbele ya benchi lile lile.

Tangu siku hiyo Gaudensia husema "masaa", mwalimu apende asipende. Na Telesphor akimwambia mteja arudi saa kumi na mbili, huulizwa, "Za ukutani au za Odeta?"

"Za ukutani!" hujibu, akijitahidi kununa. Lakini Lucia mdogo akiwa karibu, mgongoni kwa mama yake, kununa humshinda.