Kilichopita Juu ya Ulezi, na Nyungo za Shangazi Luciana

Radi ilipiga kijijini kwetu mwezi wa nane, mchana kweupe, na mbinguni hakuna hata kipande cha wingu.

Mwaka ulikuwa 1976. Mimi Albina nilikuwepo. Someni taratibu, maana nami naandika taratibu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa miaka miwili nyuma, kusini mwa Sumbawanga, njia ya kwenda Kasesya. Watu wa vitongoji vitano mmepangwa mstari mmoja, hamjuani. Ukipika, jirani anachungulia chungu.

Siku hiyo tulikuwa kiwanjani tunapiga ulezi wa shamba la kijiji. Wote wameinama na fimbo zao. Mimi nikanyoosha mgongo, nikatazama juu.

Nikakiona.

Kitu kidogo, kinang'aa kama kisu kipya, kinakata mbingu kutoka upande wa Zambia. Jamani, kilikuwa kizuri! Kilikwenda upesi hata shingo yangu ikashindwa kukifuata. Na kimya. Kimya kabisa.

Kilipopotea, ndipo radi ikapiga.

Ardhi ilitikisika. Mbuzi wakakata kamba. Basil, aliyekuwa juu ya ghala la kijiji akiezeka nyasi, akaanguka kichwa chini.

Hakuamka.

Huku kwetu mtu akifa kwa radi ya kiangazi, hakuna anayeuliza ni nini. Wanauliza ni nani.

Jua halijazama, watu walishajaa kwa shangazi Luciana. Dada wa baba yangu, mjane, aliyenilea tangu nikiwa mchanga. Fundi wa kusuka nyungo. Siku hiyo hakuja kazini, goti lilimuuma.

"Goti gani!" Zenon, kaka yake Basil, alifoka. "Kijiji kizima kinafanya kazi, wewe umebaki na nyungo zako unapanga nini?"

"Mwanangu, nilikuwa hapa uani nasuka. Hata mimi ule mlio umeniangusha kisu mkononi."

"Nani alikuona?"



Nikapenya katikati yao. "Si yeye! Mimi nimekiona kilichopiga!"

Kasimiri, balozi wetu wa nyumba kumi, akainua mkono watu wanyamaze. Alikuwa mpole. Nikajua tumepona.

"Sema, Albina. Umeona nini?"

"Kimepita juu, balozi. Kinang'aa. Kimetoka mbali huko, hakikutoka hapa kwetu."

"Ndege?"

Ningesema ndiyo, basi, yangekwisha. Lakini nilitaka kusema kweli tupu.

"Ndege tunazijua. Unasikia mlio kwanza, ndiyo unatazama. Hiki kilikuwa kimya. Kimepita, kimepotea, ndipo kikalia."

Watu waligeuka, wakazitazama nyungo zilizotundikwa ukutani.

"Kinaruka, hakina sauti," Zenon akasema. "Mtoto wa kaka yake mwenyewe amesema. Mnataka nini tena?"

Shangazi alinitazama. Hakukasirika hata kidogo.

"Albina, nenda nyumbani, mama."

Walichoma nyumba. Nyungo ndizo zilizoshika moto kwanza. Balozi alisimama, mikono nyuma. Wakamwambia shangazi atoke kijijini, na lile goti lake. Nilimfunika kanga yangu, wakanivuta.

Baridi ya Ufipa ya mwezi wa nane mnaijua. Siku ya tatu wapita njia walimkuta kando ya njia ya Kasesya, amejikunja, kanga ameivuta hadi kichwani.

Na kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Nilimlilia sana shangazi, lakini moyoni nilisema: labda kweli.

Niliishi na hiyo "labda" zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka jana mjukuu wangu Kalista, mwalimu wa fizikia, alikuja likizo. Huyu anapenda ndege kama wengine wanavyopenda mpira. Akanisogezea simu.

"Bibi, ona hii! Ndege ya upelelezi ya zamani. Ni noma! Siku hizi imekaa makumbusho, lakini mpaka leo watu wanaisimulia."

"Ina nini cha ajabu?"

"Ilikuwa na kasi kuliko sauti, inauacha mlio wake nyuma. Unaiona, inapita kimya, imeshakwenda zake ndipo unasikia kishindo."

Niliweka chini bakuli la mahindi.

"Rudia."

Akarudia. Kama ya kwetu ilikuwa hiyo au nyingine ya namna hiyo, na ya taifa gani, yeye hajui, nami sijui.

"Huko juu ilikuwa inatafuta nini?"

"Picha, bibi. Inapiga picha za kila kitu kilichoko chini."

Hilo nimelifikiri mwaka mzima.

Huenda mahali fulani, katika kabati fulani, iko picha ya mchana ule. Kiwanja cha ulezi, watu wameinama, mmoja ametazama juu. Na nyumba ya pembeni, mwanamke ameketi uani, ungo mapajani. Yuko chini. Hajaruka kwenda popote.

"Nani alikuona?" walimuuliza.

Kumbe alionekana.

Wajukuu zangu, mkiulizwa na watu wenye hasira, msiishie kusema mlichokiona. Semeni na msichokijua. Mimi maneno "sijui ni nini" yalikuwa mdomoni kabisa. Nikaona aibu kuyasema, kwa kuwa katika wanawake wote waliosimama pale, mimi ndiye niliyefika darasa la nne.